MTOTO ANYWE MAJI, LAKINI MAJI GANI?



Mara nyingi tumezungumza juu ya maji machafu. Tumesema yanaleta kuhara, kichocho na minyoo. Leo sisemi juu ya maji machafu. Nasema juu ya maji safi. Maji maangavu, matamu, yaliyochemshwa vizuri na kufunikwa. Hata maji hayo yanaweza kumharibu mtoto meno, na mahali pengine hata mifupa.

Je, umewahi kufika Arumeru, katika vijiji vinavyozunguka mlima Meru? Ukifika Ngarenanyuki au Maji ya Chai utaona watu wengi wenye meno ya rangi ya kahawia. Wengine meno yao yana madoa meupe kama chokaa. Wengine yana mistari. Wengine yamemomonyoka, yamekuwa na vishimo vidogo vidogo. Utaona meno ya namna hiyo pia katika sehemu za Kilimanjaro, Manyara, Singida na Shinyanga. Majirani zetu wa Kenya wanayo, huko Nakuru na Naivasha. Ethiopia pia wanayo. Sehemu nyingi kati ya hizo zimo ndani ya Bonde la Ufa au karibu nalo.

Mimi ni tabibu msaidizi wa zahanati. Nawaona vijana hawa kila wiki. Msichana akicheka anaziba mdomo kwa kiganja. Kijana akienda mjini kutafuta kazi anaulizwa kama anajua mswaki. Watoto wengine wamechapwa shuleni kwa kuwa eti hawasafishi meno. Wengine wamesugua kwa mchanga na majivu mpaka ufizi ukatoka damu. Rangi haikutoka. Haitatoka, kwa sababu siyo uchafu. Rangi hiyo imo ndani ya jino lenyewe. Iliingia wakati jino likijengwa, kabla halijatokeza.

FLORAIDI NI NINI?

Kinachofanya hivyo ni madini yaitwayo floraidi. Madini haya yamo katika mawe ya milima iliyowahi kutoa moto, kama mlima Meru. Mvua inanyesha, maji yanapenya ardhini, yanapita katika mawe hayo na kuyeyusha floraidi. Kisha yanatokea kwenye chemchemi, mtoni au kisimani.

Floraidi haina rangi. Haina harufu. Haina ladha. Watu wengine hudhani kwamba maji yenye rangi ndiyo yenye floraidi. Mto wa Maji ya Chai ulipewa jina kwa sababu ya rangi yake, lakini rangi hiyo siyo floraidi. Maji meupe kabisa yanaweza kuwa nayo nyingi kuliko maji yenye rangi. Jicho halijui. Ulimi haujui. Kipimo ndicho kinachojua.

Floraidi hupimwa kwa miligramu katika lita moja ya maji. Miligramu ni kitu kidogo sana. Kijiko kimoja cha chai cha chumvi kina kama gramu 5 au 6. Gramu moja tu ina miligramu 1,000. Kwa hiyo ukisikia maji yana miligramu 1 kwa lita, ujue ni chembe ndogo mno. Lakini jino la mtoto linaihesabu chembe hiyo.

Sasa usikimbie. Floraidi kidogo ni nzuri. Inaimarisha meno yasioze. Jambo hili liligunduliwa Marekani. Mwaka 1901 daktari wa meno aitwaye Frederick McKay alifika mji wa Colorado Springs, akaona wenyeji wana meno ya kahawia kama haya ya kwetu. Alitafuta sababu miaka mingi. Mwaka 1931 ndipo maji yalipopimwa na floraidi ikaonekana. Baadaye mtaalamu mwingine, Trendley Dean, alilinganisha meno ya watoto wa miji mbalimbali. Akaona kwamba penye miligramu kama 1 kwa lita meno yanaoza kidogo, na madoa ni machache. Ikizidi hapo, madoa yanaongezeka.

Shirika la Afya Duniani linasema floraidi katika maji ya kunywa isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Hapa Tanzania, mwaka 1974 tuliweka kiwango cha muda cha miligramu 8 kwa maji ya vijijini. Siyo kwamba 8 ilikuwa nzuri. Vijiji vingi havikuwa na maji mengine, na kufunga kisima ni kuwaacha watu na kiu. Baadaye kiwango kikashushwa hadi 4, na baadaye tena kikafikia 1.5. Kando ya mlima Meru ziko chemchemi na mito iliyopimwa ikakutwa na zaidi ya 10, na mingine zaidi ya 20.

JUA KALI NALO LINAINGIA KATIKA HESABU

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu jambo hili wengi hawalijui. Maji yale yale hayawadhuru watoto wote sawasawa. Mtoto wa penye joto anadhurika zaidi kuliko mtoto wa penye baridi.

Kwa nini? Kwa sababu anakunywa zaidi.

Tufanye hesabu. Chukua daftari na kalamu. Kuna bomba moja. Chanzo chake kiko juu mlimani. Linapita kijiji cha juu, penye ukungu na baridi, ambako asubuhi mtoto anavaa sweta. Kisha linateremka mpaka kijiji cha tambarare, penye vumbi na jua la kupasua kichwa. Maji ni yale yale. Tuseme yana floraidi miligramu 1 kwa lita. Maji hayo yamepita kipimo cha serikali. Ni maji mazuri.

Kijiji cha juu kuna mtoto wa miaka miwili, uzito wake kilo 12. Kwa siku anakunywa vikombe vitatu vya robo lita, pamoja na maji yaliyo katika uji wake. Hiyo ni robo tatu ya lita. Floraidi aliyopata ni miligramu 0.75.

Kijiji cha tambarare kuna mtoto mwingine wa miaka miwili, naye kilo 12. Anatoka jasho mchana kutwa. Anakunywa vikombe sita. Hiyo ni lita moja na nusu. Floraidi aliyopata ni miligramu 1.5. Ni mara mbili ya mwenzake.

Je, ipi ni nyingi mno? Mwaka 1997 wataalamu wa lishe wa Marekani walikadiria kwamba mtoto wa chini ya miaka minane asipate zaidi ya miligramu 0.1 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake. Mtoto wa kilo 12 asizidi miligramu 1.2. Sasa tazama daftari lako. Mtoto wa juu, 0.75, yumo ndani ya mpaka. Mtoto wa chini, 1.5, amekwisha vuka. Na bomba ni moja.

Fanya tena hesabu hiyo kwa maji ya miligramu 3. Mtoto wa juu atapata 2.25. Mtoto wa chini atapata 4.5. Hapo wote wawili wamevuka mpaka, lakini yule wa chini amevuka mbali zaidi.

Vikombe hivi ni mfano wangu wa kufanyia hesabu. Wewe pima vya mwanao. Chukua chupa ya lita moja, ijaze asubuhi, mpe mtoto maji ya chupa hiyo tu, na uji wake upikie maji ya chupa hiyo hiyo. Ikiisha, jaza tena na uandike. Fanya hivyo siku tatu. Nimewaomba akina mama kadhaa wafanye hivi, na kila mmoja alishangaa. Mmoja aliniambia, "Daktari, huyu mtoto anakunywa kuliko baba yake!"

Jambo hili la joto nalo liligunduliwa Marekani. Katika miaka ya 1950 mtaalamu aitwaye Galagan alichunguza watoto wa Arizona, jimbo lenye joto kali. Akaona wana madoa ya meno ingawa floraidi katika maji yao isingeleta madoa hayo sehemu za baridi. Mwaka 1957 yeye na wenzake wakachapisha matokeo ya kupima vinywaji vya watoto huko California. Siku za joto watoto walikunywa zaidi. Kwa sababu hiyo, mwaka 1962 Marekani ikaweka viwango tofauti. Miji ya joto kali 0.7, miji ya baridi 1.2, na mingine katikati.

Mwaka 2015 Wamarekani walibadili. Wakapendekeza kiwango kimoja cha 0.7, penye joto na penye baridi. Sababu moja ni kwamba watoto wao wa penye joto hawaonekani tena kunywa maji mengi kuliko wa penye baridi. Nyumba zao nyingi zina mashine za kupoza hewa. Sisi nyumba zetu hazina mashine hizo. Mtoto wetu anacheza juani, anachunga mbuzi juani, anakwenda shule kwa miguu juani. Kwa maoni yangu, yale waliyoyaona mwaka 1957 bado yanatuhusu sisi kuliko wao.

Na Afrika nako kuna ushahidi. Mwaka 1988 watafiti waliofanya kazi Senegal, nchi ya joto, walieleza kwamba watoto walikuwa na madoa ya meno hata pale ambapo maji yalikuwa na miligramu kama 1 tu kwa lita. Wakasema kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni kikubwa mno kwa hali ya hewa kama ile. Shirika lenyewe linazishauri nchi ziangalie joto na wingi wa maji ambayo watu wanakunywa kabla ya kuweka kiwango chao.

Lakini msomaji wa mlimani usijipongeze upesi. Baridi haimlindi mtoto ikiwa maji yana miligramu 10. Hapo hata kikombe kimoja kwa siku kinatosha kumvusha mpaka.

USIMNYIME MTOTO MAJI

Nilipoeleza habari hii kliniki, mama mmoja aliuliza, "Basi daktari, nimpunguzie maji?"

Hapana, mama. Hata kidogo.

Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu anahitaji kama lita 1.3 za maji kwa siku, yaani yale anayokunywa pamoja na yaliyomo katika chakula. Wa miaka minne hadi minane anahitaji kama lita 1.7. Penye joto kali anahitaji zaidi. Jasho linatoka, lazima lirudishiwe. Mtoto asiyepata maji ya kutosha mkojo wake unakuwa mchache na wa njano nzito. Midomo inakauka. Macho yanadidimia. Utosi wa mtoto mchanga unabonyea. Akiwa anaharisha, hali hiyo inaweza kumwua kwa siku moja au mbili. Meno ya kahawia hayajamwua mtu.

Kwa hiyo mtoto akiharisha mpe maji mengi, upesi, hata kama kisima chenu kina floraidi. Kama huna pakiti ya chumvichumvi ya zahanati, chukua lita moja ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa. Tia sukari vijiko sita vya chai vilivyosawazishwa, na chumvi nusu kijiko cha chai kilichosawazishwa. Koroga. Mnyweshe kidogo kidogo, kisha mlete zahanati. Kama una maji ya mvua, tumia hayo. Kama huna, tumia uliyo nayo. Usingoje.

Basi kazi yetu siyo kupunguza maji. Kazi yetu ni kumbadilishia mtoto maji. Na habari njema ni kwamba si lazima kubadili maji ya nyumba nzima. Ng'ombe, nguo, vyombo, kuoga na bustani vitumie maji ya siku zote. Tunatafuta maji ya kinywa cha mtoto tu. Ni kama lita mbili kwa siku.

Mtoto gani? Yule mdogo. Meno ya ukubwani hujengwa ndani ya taya tangu mtoto anapozaliwa mpaka afikie kama miaka minane. Yale ya mbele, yanayoonekana akicheka, huharibika zaidi akiwa na umri wa mwaka mmoja hadi mitatu. Hapo ndipo penye hatari kubwa. Lakini meno hayo hayatokezi mpaka afike miaka sita au saba. Mama anatazama meno ya utoto, anaona meupe, anasema mwanangu hana shida. Kumbe yaliyo ndani ya ufizi yamekwisha haribika. Ukiona madoa kwa mtoto wa miaka saba, unaona maji aliyokunywa alipokuwa na miaka miwili.

Miezi sita ya kwanza mpe mtoto maziwa ya mama peke yake. Maziwa ya mama yana floraidi ndogo sana, hata kama mama mwenyewe anakunywa maji yenye floraidi nyingi. Mwili wa mama unamchujia mtoto. Hakuna chujio lililotengenezwa kiwandani linaloushinda. Akifika miezi sita endelea kumnyonyesha, na uji wake upikie maji mazuri. Maziwa ya ng'ombe nayo yana floraidi kidogo, kwa hiyo wafugaji mna bahati. Chemsha maziwa, mpe mtoto. Lakini usiyaongeze maji ya kisima.

Meno siyo mwisho wa habari. Penye floraidi nyingi sana kwa miaka mingi, mifupa nayo inaumia. Mgongo na viungo vinakakamaa. Watoto wengine miguu inapinda. Lakini matege yana sababu nyingine pia, kama vile lishe duni. Usijiamulie nyumbani. Mlete mtoto apimwe.

KUCHEMSHA HAKUONDOI FLORAIDI

Tangu kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 tumekuwa tukifundishwa kuchemsha maji. Ni mafunzo mazuri, tuendelee nayo. Moto unaua vijidudu. Lakini floraidi siyo kijidudu. Haifi. Ukichemsha lita mbili mpaka ikabaki lita moja, maji yamepungua na floraidi imebaki yote. Sasa imekuwa nzito mara mbili. Basi funika sufuria, maji yakitokota vizuri yaondoe motoni. Dawa ya klorini haiondoi floraidi. Kitambaa cha kuchujia hakiiondoi.

Sasa fikiri juu ya makande. Yanachemka saa tatu, saa nne. Maji yanakauka, unaongeza. Yanakauka, unaongeza tena. Floraidi ya maji yote uliyoongeza imebaki ndani ya chungu.

Na magadi je? Hapa nina kisa. Nilimtembelea bibi mmoja anayelea wajukuu wawili.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Karibu, makande yako jikoni."

"Bibi, umetia magadi?"

"Nisipotia yataiva lini? Kuni zenyewe ziko wapi siku hizi?"

Bibi alisema kweli. Magadi yanalainisha maharage upesi na kuokoa kuni. Lakini magadi mengi ya kaskazini hutoka katika maziwa ya magadi na ardhi ya Bonde la Ufa, na mengine yana floraidi nyingi sana. Huwezi kuyajua kwa kuyatazama. Katika miaka ya 1990 watafiti waliona vijiji vya kaskazini mwa Tanzania ambako maji yana floraidi ndogo, lakini watoto wana meno ya kahawia. Walipofuatilia wakakuta magadi katika chakula cha watoto. Kwa hiyo hata msomaji wa penye maji mazuri, habari hii inakuhusu ikiwa mtoto wako unamlisha kiburu au makande yenye magadi.

Nilimweleza bibi hivi. Maharage yaloweke usiku kucha. Asubuhi mwaga maji yale. Pika kwa sufuria yenye kifuniko. Yataiva upesi bila magadi. Bibi akafikiri. Kisha akasema, "Ya watoto nitaloweka. Sufuria yetu sisi wazee ina magadi yake." Tukakubaliana hivyo. Watu wazima meno yao yamekwisha jengwa. Ingekuwa bora nao wapunguze, kwa ajili ya mifupa, lakini nilikwenda kwa ajili ya wale wajukuu wawili.

Majani ya chai nayo yana floraidi. Mchai huivuta kutoka ardhini na kuiweka katika majani yake. Mtoto wa miaka miwili hana haja ya chai ya rangi. Na dawa ya meno, weka kiasi cha punje ya mchele tu kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu, na umfundishe kutema.

MAJI MAZURI TUTAYAPATA WAPI?

Ya kwanza ni mvua. Maji ya mvua hayajapita katika mawe, kwa hiyo karibu hayana floraidi kabisa. Tufanye hesabu nyingine. Mtoto mmoja anahitaji lita mbili kwa siku za kunywa na uji. Kiangazi kikichukua miezi mitano, hizo ni siku 150. Mara mbili ni lita 300. Ni pipa moja na nusu. Watoto wawili, mapipa matatu.

Je, paa lako linaweza kujaza mapipa hayo? Paa la bati lenye urefu wa mita 5 na upana wa mita 4 ni mita za mraba 20. Mvua ya milimita 10, ambayo ni mvua ya kawaida ya masika, inateremsha lita 200 juu ya paa hilo. Nyingine inamwagika. Tuseme unapata 160. Mvua mbili kama hizo zinatosha mtoto mmoja kiangazi kizima. Taabu siyo mvua. Taabu ni chombo cha kuhifadhia, na uvumilivu wa kutoyagusa maji hayo kwa kufulia.

Acha mvua ya kwanza ioshe paa. Funika chombo na kufunga wavu mdomoni ili mbu wasizalie humo. Usitumie pipa lililokuwa na dawa ya pamba au mafuta. Maji ya mvua nayo chemsha kabla ya kunywa, maana ndege wanatua juu ya bati.

Ya pili ni chemchemi nyingine. Floraidi haifuati mipaka ya kijiji. Chemchemi moja inaweza kuwa mbaya, na nyingine umbali wa nusu saa ikawa nzuri. Hii ni kazi ya kamati ya maji. Wapime vyanzo vyote, siyo kimoja. Kile chenye floraidi ndogo kipakwe rangi ya kijani, kiwe cha kunywa watoto kwanza. Jambo hili lipelekwe kwenye mkutano wa kijiji, kwa sababu mwenye punda atajaza madumu ishirini na mwenye mtoto akose moja.

Ya tatu ni chujio la mifupa. Mifupa ya ng'ombe inachomwa katika tanuri lenye hewa chache mpaka iwe mkaa mweusi, inasagwa, inasafishwa, inatiwa katika ndoo. Maji yakipita hapo floraidi inanaswa. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, huko Arumeru, kimefanya kazi hii kwa miaka mingi, na Nakuru wanaifanya pia. Usijaribu kuchoma mifupa hiyo mwenyewe nyumbani. Ikichomwa vibaya maji yananuka na yanabadilika rangi. Na ukipata chujio, kumbuka kwamba mkaa wa mifupa unachoka. Baada ya miezi kadhaa unajaa, hauwezi tena kunasa, lakini maji yanaendelea kupita kama kawaida, safi na matamu. Muulize aliyekuuzia tarehe ya kubadili, uiandike juu ya ndoo.

Kupima maji, mwombeni mwenyekiti wa kijiji aandike barua kwa ofisi ya Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA, wilayani kwenu. Wakala huu ulianzishwa mwaka 2019, na ndio wenye kazi ya maji ya vijiji. Wakiwaagiza mlete maji, chukueni chupa ya plastiki ya nusu lita au zaidi. Msitumie ya kioo, kwa sababu floraidi inashikana na kioo na kipimo kinapotea. Suuzeni chupa mara tatu kwa maji yale yale ya chanzo, bila sabuni. Jazeni mpaka juu, fungeni. Andikeni juu yake jina la kijiji, jina la chanzo, tarehe na saa. Mkiweza, pimeni mara mbili, mara moja wakati wa masika na mara moja kiangazi kikiwa kikali, kwa maana hesabu inaweza kubadilika, na kiangazi ndipo watoto wanapokunywa zaidi.